Kuwa Nacho, Kukikalia na Kukimiliki

Kiingereza kina vitenzi sita vya kila siku vinavyomfunga mtu na kitu chake: "have", "hold", "keep", "possess", "own" na "belong". Kamusi nyingi huvitafsiri kwa maneno yaleyale mawili matatu, "kuwa na" na "kumiliki" yakitangulia, na mwanafunzi anayevikariri huondoka akidhani ni mapacha waliovalishwa nguo tofauti. Lakini kila kimoja kina swali lake. "Have" huuliza kitu kiko kwa nani. "Hold" huuliza nani amekishika, na kwa idhini ya nani. "Keep" huuliza nani amebaki nacho. "Possess" huuliza nani amekikalia. "Own" huuliza nani ana haki nacho. "Belong" huligeuza swali lenyewe na kuanzia upande wa kitu: hiki ni cha nani?

Maswali hayo huonekana vizuri kwenye pikipiki ya bodaboda. Katika vijiwe vya Dar es Salaam, aliyenunua pikipiki na ambaye jina lake limo kwenye kadi ya usajili huitwa bosi. Dereva aliyechukua chombo kwa mkataba humpelekea bosi hesabu, yaani fedha waliyopatana, kila siku au kila wiki, na hesabu zikitimia, kadi hubadilishwa jina na pikipiki huwa yake. Siku akiugua au akipata msiba, humwachia deiwaka, ambaye huendesha kutwa nzima, hupeleka hesabu, kisha hubaki na kinachozidi. Mpita njia akimuuliza deiwaka, "Una pikipiki?" atajibu "Ninayo," na hatakuwa amesema uongo. Akiulizwa, "Ni yako?" atacheka. Yule dereva wa mkataba naye, akiwa amekwisha kupeleka hesabu za miezi kumi, anajiona ana sehemu yake ndani ya chombo kile, ingawa kadi haimtambui. Ufunguo ni mmoja na pikipiki ni moja, lakini watu watatu wana uhusiano nayo wa namna tatu, na Kiingereza kina kitenzi kwa kila namna.

"Have" ndicho kipana kuliko vyote, na kwa sababu hiyo ndicho chepesi kuliko vyote. Mzizi wake wa kale ulikuwa na maana ya kukamata kwa mkono. Wanaisimu huuweka ukoo mmoja na "capere" ya Kilatini, yaani kukamata, wala si na "habere", ingawa "habere" ndiyo inayofanana nayo kwa sauti na kwa maana. Kufanana huko ni sadfa tu. Baada ya karne nyingi za matumizi, ule mkono umelegea. Mwingereza hutumia "have" kwa gari, kwa kaka, kwa mafua, kwa kifungua kinywa na kwa nusu saa ya nafasi. Zaidi ya hapo, kitenzi hicho kimekuwa kibarua cha njeo. Sentensi ya kusema kwamba mtu ameandika barua ilianza zamani ikiwa na maana ya kuwa nayo barua iliyokwisha kuandikwa. Baadaye barua ikasahaulika na kitendo kikabaki.

Kiswahili hakina kitenzi cha namna hiyo. Anayesema "nina kisu" anasema, neno kwa neno, kwamba yuko pamoja na kisu. "Na" iliyomo humo ni ileile ya "nilikuja na Juma". Kwa hiyo Kiswahili huanzia kwenye kuandamana, na Kiingereza huanzia kwenye kukamata. Tofauti hiyo huleta mitego midogo ya kila siku. Kwa Mswahili njaa na kiu ni vitu vinavyoandamana na mtu: "nina njaa", "nina kiu". Kiingereza humfanya mtu awe na sifa ya njaa, kama anavyokuwa mrefu au mfupi. Kichwa nacho, kwa Kiswahili, humuuma mwenyewe: "kichwa kinaniuma". Mwingereza husema ana maumivu ya kichwa, kama mtu aliyebeba furushi. Ndiyo maana "nina maumivu ya kichwa" husikika zaidi kama maneno ya fomu ya zahanati kuliko ya mtu aliyelala kitandani kwake.

Katika jambo moja "have" na "kuwa na" zinakubaliana: hazigusi haki. Mwizi aliyeiba simu ana simu. Dobi ana mashati ya mtaa mzima. Anayeuliza "una kalamu?" hataki kujua risiti ya kalamu iko kwa nani, anataka kuazima. Kiswahili kina namna yake ya kulitia mkazo jambo hili kwa kurudisha kiambishi cha kitu nyuma ya "na": "kalamu ninayo", "pesa sinazo", "funguo anazo yeye". Hapo habari inayotolewa ni upatikanaji tu. Umiliki haujatajwa, na asiyeutaja hajaukana.

"Hold" ni mkono uliofumba. Katika lugha za kale za jamii ya Kijerumani, neno hili lilihusiana na kulinda na kuchunga. Kwa Kigothi, neno la ukoo huo lilikuwa na maana ya kuchunga mifugo. Picha ya mchungaji inaeleza mengi. Mchungaji huwajua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia, hulala nao porini, na jioni huwahesabu mmoja mmoja, lakini si lazima awe na hata ndama mmoja wa kwake. "Hold" ya leo bado ina hali hiyo ya dhamana. Hutumika kwa pasipoti, kwa shahada, kwa hisa, kwa cheo na kwa ofisi. Pasipoti ya Uingereza imeandikwa ndani yake kwamba inabaki kuwa mali ya serikali na inaweza kuchukuliwa wakati wowote. Aliye nayo ameishika tu. Kiswahili huifuata njia hii kinapozungumzia cheo: mtu hushika madaraka, hushika ofisi, hushika usukani, na kila anayeshika anajua ipo siku ataachia.

Mahali ambapo "hold" imeota mizizi mirefu zaidi ni kwenye ardhi. William wa Normandy aliiteka Uingereza mwaka 1066, na kuanzia hapo ardhi yote ikahesabiwa kuwa inatoka kwa mfalme. Orodha kubwa ya mwaka 1086 iitwayo Domesday iliandika nani ameshika ardhi gani, na ameishika kutoka kwa nani. Wakubwa walishika kutoka kwa mfalme, wadogo wakashika kutoka kwa wakubwa. Neno "tenant", ambalo leo humtaja mpangaji wa chumba, lilitoka katika kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kushika. Hata "freehold", ambayo Mwingereza wa kawaida huihesabu kuwa umiliki kamili wa nyumba na kiwanja, ina "hold" ndani yake. Sheria ya Mali ya mwaka 1925 ilibakiza namna mbili tu za kuwa na ardhi zinazotambuliwa kikamilifu na sheria, "freehold" na "leasehold", na zote mbili, kwa majina yake, ni za kushika. Kwa mujibu wa nadharia hiyo kongwe, mwananchi wa Uingereza huimiliki haki yake juu ya ardhi. Ardhi yenyewe ameishika.

Nadharia hiyo ilisafiri na utawala wa kikoloni. Sheria ya ardhi ya Tanganyika ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia na kuitumia. Baada ya Uhuru, ardhi chache zilizokuwa za "freehold" ziligeuzwa kuwa za upangaji wa serikali mwaka 1963, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa kuwa haki ya kukalia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaendeleza msimamo huohuo: ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Hati anayopewa mwananchi wa mjini ina kikomo, na kirefu kabisa ni miaka 99. Kwa Kiingereza haki iliyomo ndani yake huitwa "right of occupancy", haki ya ukaaji. Kwa Kiswahili watu huiita hatimiliki. Karatasi ni ileile, lakini lugha moja inamwita aliye nayo mkaaji na nyingine inamwita mmiliki. Pengo kati ya maneno hayo mawili hubaki kimya miaka mingi, mpaka siku muda wa hati unapokwisha au serikali inapotaka eneo.

"Keep" huongeza muda juu ya kushika. Anayesema "keep" anadokeza kwamba kitu kingeweza kuondoka, lakini hakikuondoka. Abiria anayemwambia kondakta abaki na chenji hutumia "keep", na Kiswahili hupatia kabisa kinaposema "baki nayo". Kitenzi hicho pia huingia kwenye ufugaji, kwenye utunzaji wa siri na kwenye utimizaji wa ahadi. Kiswahili huvigawa vitu hivyo kwa vitenzi vyake, kufuga, kutunza, kutimiza, kwa sababu kuku, siri na ahadi haviwekwi kwa njia moja. Jina litokanalo na "keep" hutaja mtunzaji: golikipa hulinda goli ambalo si lake. Cheti cha usajili wa gari cha Uingereza kimejengwa juu ya tofauti hii. Jina lililoandikwa humo ni la "registered keeper", yaani anayelitunza na kuwajibika nalo barabarani, na cheti chenyewe hutamka wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Gari linaweza kuwa la kampuni au la mzazi, na jina kwenye cheti likawa la anayeliendesha. Mtu aliyezoea kwamba kadi ndiyo mwisho wa ubishi hushangaa kukuta karatasi ya serikali inayokataa kuthibitisha jambo ambalo kila mtu angedhani iliandikwa ili kulithibitisha.

"Possess" ndicho kitenzi kinachotafsiriwa vibaya kuliko vyote, na ndicho chenye asili ya kuvutia kuliko vyote. Kilitoka Kilatini, "possidere", neno linaloelezwa kuwa limeunganisha wazo la uwezo na wazo la kukaa: kukaa juu ya kitu kama bwana wake. Kiswahili kina neno linalolingana na picha hiyo kwa ukamilifu, nalo ni "kukalia". Mtu hukalia kiti, hukalia shamba, na jeshi hukalia mji kwa mabavu. Anayekalia ana nguvu juu ya kitu hivi sasa. Kama ana haki nacho, hilo ni suala la pili.

Sheria ya Kiingereza huhitaji mambo mawili ili iseme mtu ana kitu kwa maana ya "possess": kukidhibiti kwa vitendo, na nia ya kukidhibiti. Haihitaji kiwe chake. Kesi inayofundishwa zaidi kuhusu jambo hili iliamuliwa London mwaka 1722. Kijana msafisha dohani aliokota kito kilichofungwa katika kikuto cha madini. Alikipeleka kwenye duka la sonara maarufu Paul de Lamerie, ambaye jina lake liliandikwa kimakosa katika kumbukumbu za mahakama na likabaki hivyo hadi leo: Armory dhidi ya Delamirie. Mwanagenzi wa duka akajifanya anakipima, akachomoa mawe, kisha akamwambia bwana wake kwamba thamani yake ni peni moja na nusu. Kijana akaikataa fedha ile, akataka kitu chake. Akarudishiwa kikuto kitupu. Mahakama ilimpa haki. Haikusema kwamba kito kilikuwa mali yake, maana kila mtu alijua kimeokotwa. Ilisema kwamba aliyeokota ana haki dhidi ya watu wote isipokuwa mwenye mali wa kweli, na sonara hakuwa mwenye mali. Kwa kuwa mawe hayakuletwa mbele ya mahakama, wazee wa baraza waliambiwa wayakadirie kuwa ya ubora wa juu kabisa unaoweza kuingia katika kikuto kile.

Kesi hiyo inaeleza kwa nini Kiingereza kinahitaji maneno mawili. Kijana yule hakuwa na "ownership", lakini alikuwa na "possession", na hiyo pekee ilitosha kumshinda tajiri. Upo usemi wa Kiingereza kwamba katika sehemu kumi za sheria, tisa ni za aliyekalia. Usemi huo unatia chumvi, lakini hausemi uongo. Katika Uingereza na katika Kenya, aliyeikalia ardhi ya mwingine waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kudai iwe yake. Sheria ya Kenya huiweka kando ardhi ya umma, na Uingereza ilibadili utaratibu kwa ardhi iliyosajiliwa kupitia sheria ya mwaka 2002, ili mwenye hati apate taarifa na nafasi ya kupinga. Msingi haukuondoka: kukalia, kukiachwa kukomae, huzaa kumiliki.

Magazeti ya Kiswahili hulitia neno hili matatani kila wiki. Mshtakiwa huandikwa kwamba "alimiliki bangi" au "alimiliki bunduki kinyume cha sheria", kwa sababu hati ya mashtaka ya Kiingereza ilisema "possession". Lakini kosa la namna hiyo halijali mali ni ya nani. Kijana aliyebebeshwa begi la mwenzake na kukamatwa nalo stendi hakumiliki chochote. Alipatikana nacho, na mashtaka yanaweza kusimama juu ya hilo pamoja na kujua kwake kilichomo. "Kupatikana na" na "kukutwa na" ni tafsiri sahihi, na zilikuwapo midomoni mwa watu kabla ya waandishi kuzikwepa. Watangazaji wa soka nao husema timu fulani ina umiliki wa mpira wa asilimia 60. Mpira ule haumilikiwi na timu yoyote kati ya zile mbili. Wachezaji wanaupokezana, wanaukalia kwa sekunde chache, wanaupoteza. Hata hivyo tafsiri hii imekwisha kukubalika, na anayesikiliza redio haelewi vibaya. Anachokosa ni ile picha ya kukaa.

Picha hiyo imehifadhiwa mahali pasipotarajiwa. Kiingereza humwita mtu aliyeingiliwa na pepo "possessed", aliyekaliwa. Katika uganga wa pepo wa pwani ya Waswahili, mtu ambaye pepo humpanda huitwa kiti. Pepo hupanda, hukaa, huzungumza kwa kinywa cha aliyemkalia, hudai vyake, kisha huteremka. Hakuna anayesema pepo anammiliki mtu yule. Waswahili wa ngomani na Warumi wa kale hawakuulizana, lakini wote waliona kwamba kukalia na kumiliki ni mambo mawili.

Nje ya sheria na uganga, "possess" ni neno la nguo za kutokea. Barua ya kuomba kazi husema mwombaji ana ujuzi na uvumilivu kwa kutumia "possess". Mtu akilitumia kwa kalamu au sufuria, Waingereza hutabasamu. Kiswahili huonyesha tofauti hiyo kwa neno jingine kabisa: mtu mwenye hekima "amejaliwa" hekima, na sentensi hiyo haimtaji aliye nayo kuwa bwana wa kitu, inamtaja kuwa aliyepewa.

"Own" ndicho kitenzi cha haki. Anayemiliki anaweza kuuza, kukodisha, kutoa zawadi, kurithisha, au kukivunja kitu chake mbele ya macho ya watu. Neno la Kiswahili, "kumiliki", lilitoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa neno la mfalme na, kwa Kiswahili, "malkia" na "milki". Kwa hiyo lina harufu ya enzi: mwenye kitu ni mfalme wa kitu hicho. Wanasheria wa Kiislamu nao walitenganisha tangu zamani umiliki na kile walichokiita mkono, yaani kuwa na kitu mkononi. Mkono huweza kuwa wa amana, wa rehani, au wa uporaji. Wakfu wa pwani umejengwa juu ya tofauti hiyo: msimamizi wake huishika nyumba, huipangisha na kuikarabati, lakini hawezi kuiuza, kwa sababu imetolewa katika milki ya watu.

"Own" lina uzito kwa sababu husimama juu ya utambuzi wa sheria, na sheria huweza kutambua maovu. Kiingereza husema mtu ana mke au ana watoto kwa kutumia "have". "Own" kwa binadamu ilitumika kwa watumwa. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi mwaka 1833, lilitenga fidia ya pauni milioni 20, na fidia hiyo ilikwenda kwa waliotajwa kuwa wenye watumwa. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya mwaka 1897, iliyoondoa hadhi ya utumwa kisheria, nayo ilitoa nafasi ya fidia kwa mabwana. Waliofanyishwa kazi katika mashamba ya karafuu hawakutajwa kama wanaodai. Katika hesabu hiyo, kitenzi "own" ndicho kilichoamua nani alipwe.

Asili ya "own" hata hivyo haikuishia kwenye haki. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na kitenzi kimoja, "āgan", chenye maana ya kuwa na kitu. Katika ukoo wake mmoja yametoka maneno matatu: "own", kumiliki, "owe", kudaiwa, na "ought", kupaswa. Hata katika siku za Shakespeare, "owe" iliweza kutumika kwa maana ya kumiliki. Neno lilianzia kwenye kuwa na kitu, likafika kwenye kuwa na kitu cha kulipa, kisha kwenye kuwa na wajibu kwa jumla. "Have" nayo ilipita njia hiyohiyo, kwani "have to" ni kulazimika. Kiswahili kina safari yake inayofanana: "sina budi kwenda" ni sentensi ya kutokuwa na kitu, yaani kutokuwa na njia ya kukwepa, na maana yake ni lazima. Katika lugha zote mbili, neno la kuwa na kitu lilipoachwa litembee lenyewe, lilifika mlangoni pa wajibu.

"Own" pia ni kivumishi, na hapo huelekea kwenye nafsi. Mwingereza huliweka ili kusisitiza kwamba kitu ni cha mtu huyo na si cha mwingine, kama Mswahili anavyosema "nyumba yangu mwenyewe". Kiswahili kimeliunganisha jambo hili katika neno moja. "Mwenye" ni aliye na kitu: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye shamba. "Mwenyewe" ni nafsi, na pia ni yule ambaye kitu ni chake. Mteja akifika dukani na kumkuta mtoto amekaa kwenye kaunta, huuliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Mtoto anazo bidhaa, anazo funguo, anaweza hata kuuza. Lakini bei ya kukopa haiwezi kujadiliwa mpaka mwenyewe arudi.

"Belong" limebaki la mwisho kwa sababu halimwanzii mtu. Kitu ndicho kinachosimama kuwa kiima, na mtu hufuata nyuma. Mzizi wake ulihusu kwenda pamoja na kitu au kukifaa, na maana hizo zote mbili zingali hai. Kitabu kinaweza kuwa cha mtu. Mwiko una mahali pake jikoni. Na mtu ni wa mahali fulani, wa chama fulani, wa watu fulani. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kwa hayo yote, lakini kina kiunganishi kidogo, "-a", kinachofanya kazi kubwa kuliko umbo lake: kitabu cha Asha, mtu wa Lamu, mwana wa chama. Kiunganishi hicho, kama kimilikishi cha Kiingereza, hakisemi uhusiano ni wa namna gani. Picha ya mfalme yaweza kuwa aliyoinunua, aliyoichora, au inayoonyesha sura yake. Basi langu ni lile ninalolisubiri, na hakuna anayedhani kwamba abiria ana kampuni ya mabasi.

Sarufi ya Kiswahili hata hivyo huweka mpaka mmoja ambao Kiingereza hakina. Vimilikishi huweza kuungana na majina ya watu wa karibu vikawa neno moja: mamangu, babako, mwanangu, mkewe, mumewe, nduguye, mwenzio. Katika mazungumzo ya kawaida havifanyi hivyo kwa vitu. Hakuna "kitabungu" wala "garilo". Jamaa huungana na mtu mpaka katika matamshi, wakati mali hubaki neno la pembeni linaloweza kuondolewa. Kwa mahali napo, Kiswahili huacha jina kabisa na kusema "kwangu", "kwao", "kwetu". Anayesema "kwetu" aghalabu hazungumzii hati ya nyumba, na huenda nyumba yenyewe ilishauzwa. Anataja mahali anapohesabiwa kuwa wa pale. Hapo ndipo "belong" na Kiswahili hukutana karibu zaidi.

Kwa hiyo mfasiri ana maneno ya kutosha, ikiwa hatakimbilia "kumiliki" kila mara. "Have" ni kuwa na. "Hold" ni kushika. "Keep" ni kubaki na kitu, kukitunza au kukifuga. "Possess" ni kukalia, kupatikana na, au kujaliwa. "Own" ni kumiliki. "Belong" ni kuwa wa, au kuwa mali ya. Mkataba wa bodaboda huyapima yote. Siku hesabu ya mwisho inapopelekwa, dereva anaamka na ufunguo uleule, anaegesha kijiwe kilekile, na deiwaka wake ni yuleyule. Aliyeishika ndiye anayeishika, aliyeikalia ndiye anayeikalia. Kinachobadilika ni jina kwenye kadi, na pamoja nalo sentensi moja: jana alikuwa nayo, leo ni yake.